Fashifashi za Mwanahija

Guangzhou, 12 Oktoba 1997

Dada Mwanahija,

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Kama ulikuwa na wasiwasi nami, tua moyo. Kama hukuwa nao, basi kuwa nao kidogo, maana mtu nipo Uchina.

Barua yako imenikuta hapa Dengfeng, kwenye chumba cha Mjomba Othman ambacho asubuhi ni ofisi, mchana ni ghala, na wakati wa kulala ni kitanda changu. Nilikuwa nimekaa juu ya makasha ya kalamu kama sultani. Nimeisoma mara ya kwanza sikuamini, mara ya pili nikacheka mpaka Mjomba akaniuliza nimeokota nini. Unaolewa! Wewe uliyesema mwanamume wa kukuoa hajaumbwa, na akiumbwa atakuwa na kasoro! Na siku imeshapangwa, sikukuu ya tatu ya Idd el-Fitri. Huyo Murshid fundi redio kakutengeneza nini mpaka ukakubali?

Sasa nisikilize. Kuja siwezi. Mjomba kasema, na viza imesema, na wote wawili hawana huruma. Niliingia kwa ruhusa ya kuingia mara moja tu. Nikitoka, mlango unafungwa nyuma yangu, na kazi niliyoitafuta kwa machozi imekwenda. Halafu mizigo mikubwa ndiyo ya wakati huohuo, kabla viwanda havijafunga kwa mwaka mpya wao. Kwa hiyo mwili wangu hautakuwepo. Lakini Dullah atakuwepo. Vipi? Tulia.

Nakuletea fashifashi. Sizungumzii zile fataki za watoto wa viwanja vya sikukuu, unapiga kwa jiwe, "pa", mwisho unanusa vidole. Hizi zinapanda juu zinapiga mluzi, zinapasuka, zinamwagika nyekundu na kijani, na mji mzima unaulizana, "Kule kuna nini?" Waambiwe, "Kwa Mwanahija. Nduguye yuko Uchina."

Nipo kwenye nchi iliyobuni baruti, dada. Kukosa fashifashi hapa ni sawa na kukosa mchanga Jambiani. Wewe chagua rangi tu.

Mwambie Mama asilie. Mwambie na fundi redio aanze mazoezi ya kuziba masikio.

Wako, asiye na mfano mji mzima,
Dullah


Zanzibar, 2 Novemba 1997

Mdogo wangu Abdallah,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika leo imelowa nusu. Mvua hizi si vuli tena. Michenzani maji yamejaa mpaka kwenye ngazi, na kuku wa jirani sasa anaishi kwetu.

Kwanza, Mama hakulia. Alicheka. Analia sasa hivi, kwa sababu umeandika "mwili wangu hautakuwepo" naye kadhani una maradhi unayaficha. Andika kama watu wanavyoandika.

Pili, fashifashi. Moyo wako nimeuona, lakini acha. Kwa kuwa nakujua, nilipita kituo cha polisi kuuliza kabla hujaniletea aibu. Askari wa mapokezi kaniuliza nimekuja kuripoti nini. Nikasema fashifashi. Kaniita ndani, kafunga mlango. Kwa ufupi ni hivi: kitu chenye baruti hakiingii nchini bila kibali, na kibali kinaombwa kabla mzigo haujatoka huko ulipo. Anayeomba aseme ni nyingi kiasi gani, zitahifadhiwa wapi, na nani aliyefunzwa atakayeziwasha. Nikasema mwenye mzigo ni mdogo wangu.

"Kafunzwa?"

"Kidato cha pili hakumaliza," nikamwambia.

Kaniombea kheri, kanifungulia mlango.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, mengine yote ni maneno. Baba hayupo, babu hayupo. Walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha, ni wewe. Ami Tahir yu tayari kushikana mkono na bwana harusi msikitini, lakini anasema hawezi kujisimamia mwenyewe wakati ndugu yangu wa kiume yu hai. Lazima awe wakili wako. Nataka karatasi moja: kwamba wewe, Abdallah bin Kombo, unampa uwakala ami yako Tahir bin Faki amuoze dada yako kwa Murshid bin Hamad. Tarehe, sahihi, basi. Utani ukikuzidi, nafasi ya kuuweka ipo chini.

Dada yako,
Mwanahija


Guangzhou, 23 Novemba 1997

Dada,

Polisi wa huko wasikutishe. Wao wanasema "kibali", mimi nasema "subirini muone".

Nikueleze. Kuna barabara inaitwa Yide Lu, inauza kwa jumla kila kitu ambacho mtu hakihitaji na anakinunua: wanasesere, filimbi, rula, uyoga mkavu, samaki mkavu mwenye sura ya mtu ninayemjua. Pale mimi ni maarufu. Nikipita, malaoban, yaani wenye maduka, wananiita rafiki. Mjomba anasema wanamwita hivyo kila mwenye mfuko, lakini Mjomba ana wivu.

Nikaingia duka la kwanza. Kichina changu ni cha bei na matusi, fashifashi hazimo, kwa hiyo nikaigiza. Nikanyanyua kidole juu, "fyuuuu", nikapiga makofi, "pa!", nikamwaga vidole kama nyota. Mama mwenye duka akaangalia mlangoni kwanza, kisha akanipungia mkono usoni kama anafukuza nzi. "Meiyou." Hakuna. Duka la pili, meiyou. La tatu mzee mmoja akanitazama kwa huruma, akaniletea dawa ya kikohozi.

Nchi ya baruti, dada! Nikaanza kukasirika. Nikasema hawa wananibania kwa kuwa mimi mgeni.

Mpaka duka la mwisho kabisa, nikaziona. Zinaning'inia dirishani bila aibu, mikufu mirefu ya fataki nyekundu, nene, zimefungwa kwa uzi wa dhahabu. Nikauliza bei, nikaguna, nikajifanya naondoka, akaniita, nikaondoka kweli, akanishika shati. Nimeshinda. Nikabeba kasha zima begani mpaka Dengfeng, kichwa juu, nikisalimia hata nisiowajua.

Alikuwepo Respicius. Huyu ni Mhaya, yupo hapa kwa udhamini, anasoma uhandisi chuo kikuu, na Jumapili anakuja kwa Mjomba kula wali. Kichina anakisoma kama anasoma mkono wake. Akageuza kasha, akasoma ubavuni, akaketi chini.

"Dogo, umenunua mapambo."

"Mapambo gani wewe? Hizo fataki."

"Plastiki. Zinatundikwa mlangoni. Ukitia betri zinalia tatatata."

"Na ukizitia moto?"

"Zinayeyuka."

Nikawasha moja kumwonyesha ujinga wake. Ikayeyuka, dada. Ikadondoka kwenye ndara zangu.

Ndipo akanieleza. Mji huu umezipiga marufuku miaka kadhaa sasa, kwa ajili ya moto na watu kukatika vidole. Ndani ya mji hutengenezi, huuzi, huweki, hubebi, huwashi. Ndiyo maana yule mama aliangalia mlangoni. Na ndiyo maana wanauza za plastiki, wenyewe wanatamani ule mlio wa mwaka mpya wakaambiwa basi tundikeni hizi. Lakini ukitoka nje ya mji, wilaya za mashamba, zinauzwa kwenye maduka yenye leseni na watu wanawasha bila kuulizwa.

Nikamwambia, "Kwa hiyo shida ni mpaka tu."

Akasema, "Shida ni wewe."

Nina mpango. Ukiona kimya, jua nipo kazini.

Mfalme wa Yide Lu,
Dullah

Mwambie Mama siumwi. Mwambie nimenenepa mpaka shingo.


Zanzibar, 14 Desemba 1997

Abdallah,

Barua yako ni ndefu kuliko hotuba ya kufungua skuli. Mna nzi, mna samaki, mna Mhaya, mna plastiki. Jina la mwanamume anayenioa halimo hata mahali pamoja, na karatasi haimo. Bahasha nimeigeuza, nimeitikisa, Mama kaishika juu ya taa.

Sasa nikueleze mambo ya huku, uyasikie vizuri. Ami Tahir anapita kwetu kila baada ya laasiri. "Walii kasemaje?" Namwambia posta mbaya, mvua. Wiki iliyopita kasema kwa sauti pale kibarazani, mbele ya watu: "Au kijana hakuridhika?" Maneno yale yametoka Michenzani kwa miguu yakafika Mlandege, kwenye banda la Murshid, kabla hata mimi sijavaa buibui. Murshid kaja kuniuliza, uso umemshuka, kama wewe bado una kinyongo naye kwa ajili ya redio ya Baba. Sikujua redio gani. Kumbe ulimpelekea aitengeneze, akakwambia imekufa, ukamwita mwongo mbele ya wateja wake, ukaibeba ukaondoka.

Kama ni hilo, sema. Kama humtaki, sema pia. Nitalia, nitamaliza. Lakini usinijibu tena kwa fashifashi. Mtu nauliza ndoa, najibiwa mluzi.

Na kwa kuwa umekuwa mwanasheria, chukua na hii. Nimemuuliza wakala anayemtolea Mjomba mizigo bandarini. Kontena la mizigo mchanganyiko likikutwa na baruti iliyofichwa, hazuiliwi mwenye kasha. Linazuiwa kontena zima: vya Mjomba, vitenge vya Bi Zainabu jirani yetu, vya wajane waliochangia nafasi kidogo kidogo. Nakujua unavyofikiri. Usithubutu.

Mstari mmoja, Dullah. Unajua kuandika mistari mia nne ya upuuzi, niandikie mmoja wa maana.

Mwanahija


Guangzhou, 4 Januari 1998

Dada Mwanahija, Ramadhani karim.

Barua yako imenifikia jana. Umenikasirikia mpaka kalamu imetoboa karatasi, neno "usithubutu" nimelisoma kwa nyuma.

Murshid simchukii. Redio ile haikufa, lakini simchukii.

Na nani kakwambia nitaficha kitu kwenye kontena? Wazo hilo limekaa kichwani mwangu siku chache tu, tena lilikuja lenyewe.

Nimefuata sheria, dada. Hicho ndicho kinachoniuma. Juzi nimepanda basi nikatoka mjini, mpaka wilaya ya mashamba, na nikatafuta duka lenye leseni imening'inia ukutani na muhuri mwekundu. Nikanunua fashifashi za kweli, zenye vijiti, na nikadai risiti. Mimi! Risiti! Mjomba angeona angelia. Nikatoka pale nimekamilika kisheria, kila upande. Nikatembea mpaka kituo cha basi, na kwenye ngazi ya basi sheria ikaisha.

Kondakta mwanamke alinitazama mfuko kabla ya uso. Akaufungua, akapiga ukelele ambao hauna haja ya kutafsiriwa. Abiria wote wakashuka, isipokuwa bibi mmoja mwenye bata, yeye akabaki kwenye kiti chake asije akakikosa. Polisi wakanialika kituoni. Nikawaonyesha risiti. Wakaisoma kwa heshima, wakapeana, wakatikisa kichwa kwamba ni nzuri. Kununua pale, sawa. Kuziwasha pale, sawa. Kuzipandisha kwenye gari la abiria, hapana. Kuziingiza mjini, hapana. Yaani nilikuwa na ruhusa kamili ya kuwa nazo alimradi nisiende popote.

Wakanipa chai. Nikakataa, nimefunga. Wakadhani nimenuna, wakaleta biskuti. Nikakataa. Mkubwa wao akadhani nadharau biskuti zake, akaleta za aina nyingine. Tumeshindana hivyo mpaka Mjomba alipofika na Respicius, na saumu yangu ikatafsiriwa. Mkubwa akacheka, akaondoa biskuti haraka, akaomba radhi. Halafu akaleta ndoo. Akazichovya fashifashi zangu majini mbele yangu, moja moja, kila moja inatoa mapovu kidogo. Kwa adabu kabisa. Ningependelea anitukane.

Tulipofika Dengfeng Mjomba akaweka funguo mezani.

"Abdallah, ukinifanyia hivi tena nakurudisha kwenu."

"Basi nirudishe kabla ya Idd, Mjomba."

"Baada ya Idd," akasema.

Unaona? Hata adhabu yangu imewekewa tarehe mbaya.

Respicius kaniulizia na njia ya bahari, ya halali. Baruti inasafirishwa na kampuni zenye kibali, kwenye kontena lake peke yake, na makaratasi yake. Kwa hiyo ningekutumia kontena zima. Zanzibar mngebaki na harusi moja na nyumba mbili.

Nimegonga kila mahali, dada. Mjini, nje ya mji, kwenye basi, bandarini, na huko kwenu kwa askari wako wa mapokezi. Nimechoka na nina hasira na bado sijafuturu. Hilo la karatasi tutaliongea. Usinisukume.

Dullah


Zanzibar, 15 Januari 1998

Abdallah,

Barua yako ya mwanzo wa mwezi kaileta mtu aliyetoka huko kwa ndege. Hii yangu anaibeba Bi Zainabu, anakuja kufunga mizigo yake kabla Wachina hawajafunga maduka, na atarudi kabla ya Idd. Nimemtia mkononi, kwa hivyo usiniambie imelowa.

Sikusukumi. Nimeacha.

Jana nimekwenda mwenyewe kwa Kadhi pamoja na Mama. Nikamweleza kwamba walii wangu yuko Uchina, yu hai, ana akili zake (hapo Mama alikohoa), na hataki kuandika. Kadhi akauliza, "Uchina?" Nikasema ndiyo. Nilidhani atafungua kitabu. Kumbe alikuwa nacho wazi, akakifunga.

"Walii akiwa mbali masafa ya kufupisha sala, ndoa inasimamiwa na Kadhi," akasema. "Wala si ami yako. Ami yako kahangaika bure. Nendeni mkapike. Sikukuu ya tatu nitakuoza mimi."

"Na ndugu yangu?"

"Huyo si lazima. Sheria imeshampita."

Basi ndiyo hivyo. Miezi yote hii nimekuwa nikikuomba kitu ambacho sikihitaji. Nimedanganya watu kwa ajili yako, nimesingizia posta, nimesingizia mvua ya Mwenyezi Mungu, na kumbe jibu lilikuwa mtaa wa pili.

Nilitoka pale nimepata nilichofuata. Tulipofika nyumbani Mama akaanza kupiga pasi nguo ambazo zilikuwa zimepigwa pasi.

Ndoa ipo, usiwe na wasiwasi nayo. Nakwambia tu ujue. Siku ile msikitini, mahali pa ndugu yangu patakaa ofisi ya serikali. Kama wewe hilo halikukeri, na mimi nitajizoesha.

Mwanahija

Fashifashi usizitaje tena.


Guangzhou, 24 Januari 1998

Dada,

Bi Zainabu kanipa barua yako kule Shahe, soko la nguo, katikati ya marobota ya suruali. Kasimama pale pale kunitazama nikisoma.

"Una nini?" kaniuliza.

"Vumbi."

"Suruali mpya zina vumbi?"

Mwanamke yule hana siri. Akikwambia kitu, usimwamini.

Mwaka huu nimekutana na sheria nyingi. Usiuze, usibebe, usiwashe, usipande nayo, usitoke, ukitoka usirudi. Zote zimenikasirisha, na mimi nikikasirika najiona mtu mkubwa, maana mtu asiye kitu hakatazwi. Lakini hii ya Kadhi wako hainikatazi chochote. Inasema tu haina haja nami. Nimetafuta pa kugombana nayo nimekosa.

Nikwambie kwa nini sikuandika, halafu tusilizungumze tena. Yale maneno ya kuozesha nimeyajua, dada. Kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Nilianza siku ileile barua yako ya kwanza ilipofika. Nimejifunzia hapa ghalani, Respicius akiwa bwana harusi. Namshika mkono, nakohoa kama mzee, namuoza wewe. Kila Jumapili baada ya wali. Mhaya yule keshakuwa mume wako mara nyingi, mwambie Murshid asijali, anakwenda kulala bwenini kwao. Nilikuwa nangoja kitu kitokee, viza ilegee, au Mjomba alegee. Nikiandika karatasi, ndiyo nimekubali sipo. Fashifashi nilizitaka kwa hilohilo. Nilitaka watu waangalie juu, wasiangalie mahali pangu.

Kadhi ana haki, mimi si lazima. Lakini na wewe hukusema hunitaki. Nimesoma mara nyingi kuhakikisha.

Basi hii hapa. Nimeiandika kwenye karatasi ya peke yake, Bi Zainabu anayo, na nakunakilia hapa uione. Mashahidi ni Mjomba Othman na Abass wa kibanda cha simu. Respicius naye alitaka kutia sahihi, Mjomba akamwambia, "Wewe Mkatoliki kaa hapo, utatusahihishia herufi." Kasahihisha kadhaa, nyingine nimemkatalia.

"Mimi, Abdallah bin Kombo bin Faki, nikiwa mbali na si kwa kupenda, nampa uwakala ami yangu Tahir bin Faki amuoze dada yangu Mwanahija binti Kombo kwa Murshid bin Hamad, kwa mahari waliyokubaliana. Nimeridhika. Niliridhika tangu Oktoba. Namtaka ami yangu atamke kwa sauti kwamba uwakala ameupata kwangu, asilitafune jina langu kama anavyotafuna tambuu. Na Murshid asidhani nipo mbali."

Mjomba kasema sentensi ya mwisho si ya kisheria, niifute. Nikamwambia walii ni mimi. Kaguna, kaiacha.

Huku nako wanajitayarisha kwa mwaka mpya wao, milango yote ya Dengfeng imetundikwa mikufu nyekundu ya plastiki. Nimewauzia na mimi lile kasha langu, kwa hasara.

Ndugu yako,
Dullah


Zanzibar, 3 Februari 1998

Mdogo wangu Dullah,

Bi Zainabu kafika mkesha wa Idd, hajatua hata mizigo, na kabla hajanipa karatasi kanieleza habari ya vumbi. Mlango wa pili pia wamesikia. Pole.

Kwanza nikugombeze, haki yangu. Miezi yote hiyo, Dullah. Kwa maneno ambayo umeyaandika kwa kikao kimoja, na Mhaya wa watu umemuoza bure. Ungekuwa karibu ningekupiga na kiatu cha harusi.

Karatasi nimeipeleka kwa Kadhi asubuhi ya Idd baada ya sala. Kaisoma yote, uso haukubadilika, mpaka alipofika mwisho akavua miwani, akaipangusa, akairudia sentensi ya Murshid. Kasema, "Kumbe ana akili zake kweli. Mwambieni ami yake asimame."

Sikukuu ya tatu mvua ikaja. Saa ya ndoa umeme ukakatika, na kipaza sauti cha msikiti ulio jirani yetu kikafa. Mimi nimo chumbani, hina haijakauka, wanawake wamejazana wananung'unika kwamba sasa hawatasikia kitu, wote walikuja kusikiliza dirishani. Kumbe huko msikitini Kadhi kamkumbusha Ami Tahir kwamba barua ya walii ina sharti, atamke kwa sauti. Dullah, Ami tangu kuzaliwa kwake hajawahi kupewa ruhusa hiyo. Katema tambuu, kajishika kiuno, na kapiga kelele. Wapita njia wamesimama mvuani. Mimi nimemsikia kama yuko mlangoni: "Kwa uwakala wa ndugu yake, Abdallah bin Kombo bin Faki!"

Jina lako limeingia ndani kabla ya jina la mume wangu. Mama alikuwa nyuma yangu, ananipepea, kashtuka kama mtoto aliyeitwa darasani, na kabla hajafikiri kashajibu:

"Yupo!"

Dada yako,
Mwanahija